Laki Tano na Kumi Elfu, Mia Tano na Kumi

Desemba, Keko, nyuma ya karakana ya makochi,
vumbi la mninga limetua juu ya daftari langu.
Nalipuliza, namba inabaki:
510,510.
Faida ya mwaka mzima, na faini za wachelewaji,
ukitoa makato ya simu, ambayo hayana haya.

Mimi ndiye mweka hazina. Niliishia kidato cha nne
lakini hesabu haikuniacha, hunifuata kama deni.
Nikiona namba kubwa naipapasa
kama mnunuzi wa kitenge anavyopapasa pindo.

Hii ni shufwa. Inaishia na sifuri, basi tano imo.
Jumlisha tarakimu: kumi na mbili, basi tatu imo,
ila tisa haimo, na nne haimo.
Itazame tena: mia tano na kumi, mia tano na kumi,
kama mtu aliyeitwa akaitikia kwa jina lake mwenyewe.
Inayojirudia hivyo hugawika kwa elfu moja na moja,
na ndani ya elfu moja na moja zimeketi
saba, kumi na moja, kumi na tatu.
Imesalia kumi na saba. Nayo imo.
Namba tasa saba za mwanzo, bila kuruka hata moja,
kila moja imeingia mara moja tu.

“Kumi na saba ndiyo sisi,” akasema Bi Somoe,
“wa tangu mwanzo. Elfu thelathini na thelathini kila mmoja,
haibaki hata senti. Hesabu yenyewe imeshasema.
Hao walioingia Juni wangoje mwakani.”
Hao: Havijawa wa chapati,
na Sikudhani, fundi wa foronya za makochi,
ambaye Bi Somoe akimtaja hushusha sauti
na kuongeza neno moja, tasa,
kama mtu anayetema kokwa.

Nikagawa kwa kumi na tisa.
Ishirini na sita elfu, mia nane sitini na nane.
Baki: kumi na nane.
“Unaona? Inawakataa.”
Naona, nikasema. Naona imepungukiwa shilingi moja.

Randa ikanyamaza upande wa pili wa bati.
Nikasema: mbili ni tasa. Tatu ni tasa.
Kumi na saba, Bi Somoe, unayoringia, tasa.
Na hii mnayoigombania ina vigawo mia moja ishirini na nane,
ukoo mzima huo,
na mama zake wote saba ni tasa.

Mtu akakohoa. Hakuna aliyejibu.

Sikudhani akafungua kopo lake la vifungo,
akapekua, akatoa shilingi, ile ya zamani,
mkono umeshika mwenge,
ambayo leo hata ombaomba angekurudishia.
Huikandamizia patroni isipeperuke.
Akaiweka juu ya daftari, hakusema kitu.
Nikaandika: Shilingi moja, taslimu.
26,869, mara kumi na tisa. Baki hakuna.

Usiku sikulala. Niliijaribu ile mpya kwa zile saba za zamani:
kwa mbili inabaki moja, kwa tatu moja, kwa tano moja,
mpaka kumi na saba, moja,
kila mwenyeji wa jana anamkuta mlangoni
yule yule mmoja.
Ikafungukia kumi na tisa,
na nyuma yake mbili nyingine nisizowahi kuzihesabia chochote:
tisini na saba, na mia mbili sabini na saba.
Tasa nazo. Zilikuwa wapi siku zote?

Asubuhi nikawatumia, simu ikakata chake kwa kila mmoja
bila kuuliza nani shufwa, nani witiri.
Sarafu haiingii kwenye simu,
kwa hiyo fungu langu ndilo lililopungua moja
na mfukoni ndimo ilimo.
Moja si tasa, wala si kivunge.
Mwalimu wetu aliiandika peke yake pembeni ya ubao,
akaitazama kidogo,
akatoka kwenda kunywa chai.